Shangazi Yuko Zamu

Shangazi alifariki Jumatatu, kabla ya zamu ya asubuhi. Alikuwa dada wa baba yangu na msimamizi wa usafi hotelini kwetu, na wafanyakazi wote walimwita hivyo hivyo, Shangazi. Tulimzika Jumanne, na wenzangu wote walikuja. Jumatano nikakuta jina lake kwenye ratiba: ghorofa ya tatu, asubuhi.

"Bosi, huyu si tumemzika jana?" nilimwuliza meneja.

"Najua. Ila nikitangaza, mtavunjika moyo. Tuseme yuko zamu."

Alhamisi alimwandikia Shangazi barua ya onyo kwa utoro, akataka niipokee kwa niaba yake. Nilikataa. Nilitaka jambo moja tu: asimame mbele ya wenzangu aseme kwamba Shangazi amekufa.

Mwaka jana maji yalipokatika siku tatu, Shangazi alituambia wazi kwamba hajui yatarudi lini. Tulipandisha ndoo ngazi zote hizo huku tunataniana. Sasa meneja alisema lifti imetengenezwa, nasi hatukumwamini, tukapanda ngazi. Akisema "Habari za asubuhi," mpishi anachungulia dirishani kwanza. Vitanda tulitandika upande unaoonekana kutoka mlangoni, basi.

Ijumaa dobi alisahau pasi juu ya shuka akaja jikoni kunywa chai. Mara meneja akaingia mbio.

"Moto! Chumba cha dobi kinaungua!"

Mpishi aliendelea kumenya vitunguu. "Huo moto umeripoti kazini saa ngapi?"

"Jamani, moto wa kweli!"

"Uandikie onyo, mzee," dobi akasema, akipuliza chai yake. "Moto utajirekebisha."

Meneja akanigeukia. "Waambie wewe. Wewe watakuamini."

"Niwaambie nini, bosi?"

Alilegeza tai.

"Shangazi amekufa. Jumatatu. Niliogopa mtaondoka wote. Mlikuwa mnamfuata yeye, si mimi."

Mpishi akaweka kisu chini.

"Haya. Moto uko wapi?"

Tulikimbia na ndoo, meneja akiwa mbele. Ziliungua shuka kumi na moja na pazia moja. Nililia pale pale kwenye moshi, na hakuna aliyeniambia ninyamaze.

Ghorofa ya tatu ninaisafisha mimi, mpaka apatikane mtu mwingine.