Joto Ndani ya Ukuta

Darubini ya joto ilifika mgodi wa Mutoshi mwezi wa saba, imelazwa ndani ya sanduku lenye sponji. Kampuni moja ya kubeba udongo ilimkabidhi mlinzi wake, Kabongo, ili awakamate wanaoiba mawe ya shaba. Ilikuwa nzito, na mkanda wake ulimchubua shingo. Asubuhi ya kwanza Kabongo aliogopa vumbi lisiharibu lenzi, akafunga dirisha la kibanda na kuangalia kupitia kioo. Akaona uso mweupe. Alipiga redio kusema mwizi amepatikana, na kwamba mwizi huyo anafanana naye sana. Bosi akamwambia atoke nje, joto halipiti kwenye kioo.

Nje kulikuwa na baridi. Chenye joto kilionekana cheupe, kilichopoa kilikuwa cheusi. Mbwa alikuwa mweupe, na magurudumu ya lori pia. Ndani ya ukuta wa shimo, chini ya udongo ulioporomoka mwaka uliopita, aliketi mtu mweupe. Kabongo alifuta lenzi kwa kitambaa laini, kama alivyofundishwa, akaangalia tena. Mtu yule akajikuna shingo. Kabongo akaenda kumwita Ndaya.

Mume wa Ndaya, Mukendi, alikuwa dereva wa kampuni hiyo. Kampuni ilisema alitoroka kazi, akakimbilia Zambia na mwanamke. Mtoro haliliwi. Mwaka mzima kambi ya wafanyakazi ilimnyima Ndaya kilio, ikampa kicheko, na hilo lilikuwa jambo baya kabisa.

"Shika na mikono mbili, mama," Kabongo alimwambia. "Finya hapa, ungoje kidogo."

Ndaya aliangalia bila haraka.

"Ni yeye," alisema. "Anakaliaka vile, mukono ku goti."

Akarudi nyumbani, akapika ugali wa bukari na sombe ya majani ya muhogo, akaja na mtaa mzima nyuma yake. Aliweka sahani ukingoni, wanawake wakapokezana darubini. Sahani ilikuwa nyeupe, ikawa nyeusi. Ndani ya ukuta, tumbo la Mukendi likawa jeupe.

"Anakula," alisema Mianda, jirani aliyecheka kuliko wote. "Mama Ndaya, unisamehe."

Vigelegele vikapanda hadi barabarani. Wanaume walipiga madumu, na Ndaya akacheza pale ukingoni, kidevu juu, amejaa fahari, na alistahili. Bosi alikuja, akarekebisha mpira wa darubini unaokaa machoni, akakubali kwamba ni Mukendi. Mbele ya watu wote alisema Mukendi si mtoro. Wakashangilia tena.

"Sasa mumutoshe mule, mumulete inje," Ndaya alisema.

"Sitwayene, ile ukuta haina shaba," Bosi alimjibu, akimwita raia kwa Kifaransa, na lori zikaendelea kumwaga udongo palepale.

Ndaya alipeleka sahani kila asubuhi. Mwezi wa nane ukuta uliporomoka tena, na Kabongo akamwona Mukendi akisogea kidogo ili mtu mwingine apate pa kukaa. Kesho yake kampuni ilitangaza kwamba mume wa Mianda ametoroka kazi. Mianda alikuwa ameshapika.