Mpishi wa Nyumba Hii

...na usiufungue, hata moshi ukikutoa machozi usiufungue, moto ukinyimwa hewa hufa wenyewe, alijiambia Mwongera akiwa amepiga goti moja mbele ya oveni, taulo lililokunjwa mara mbili mkononi, akiusukuma ule mlango ambao springi zake zililegea tangu Pasaka na ambao usiposhikiliwa huacha upenyo wa kidole, na upenyo wa kidole unatosha kabisa kuulisha moto, gesi ameshaifunga, kwanza kitufe cha oveni kisha mtungi wenyewe kule nyuma, hilo angalau alilifanya vizuri, sasa ni kungoja tu, kungoja na kutazama kupitia kioo jinsi aproni yake inavyoteketea, aproni ya nailoni yenye maua ya samawati, inajikunja, inadondosha matone meusi yanayowaka, na chini yake yale magazeti aliyopangusia mafuta... nani mwenye akili timamu huweka magazeti yenye mafuta ndani ya oveni, nani, isipokuwa mwanamume mzima, mwenye ofisi na mtoto wa shule, Karwirwa, akisikia sauti ya mama yake getini.

Maana hapo ndipo balaa ilipoanzia, hodi, hodi kwa Mwongera, mama ametoka Nkubu bila kupiga simu, ana mkungu wa ndizi na nduma za shambani, na yeye badala ya kusema karibu mama kama watoto wa watu, yeye aliyekuwa amesimama hapa jikoni na kitunguu saumu kwenye kucha, kuku ameshapakwa viungo na kulazwa kwenye trei, alishikwa na kiwewe kama mwizi wa kahawa, akaivua aproni kwa kichwa, akaikunja pamoja na yale magazeti, akatafuta pa kuficha, kabati limejaa, chini ya sinki kuna mtungi wa akiba, akafungua oveni, akasukuma, akafunga, akanawa mikono, na mama alipoingia sebuleni alimkuta mwanawe amekunja nne kwenye kochi anatazama habari, bwana mkubwa, anangoja kupikiwa... na mama akafurahi, ndilo linalouma, mama alifurahi kwelikweli kumkuta hivyo, kwa sababu kwao mwanamume akishatahiriwa hana tena biashara jikoni, chakula hufuata alipo, na mama anaamini mpaka leo kwamba hivyo ndivyo mambo yalivyo hapa mtaani Majimbo.

Halafu Wambeti akarudi kutoka mazoezi ya kwaya, mkewe Wambeti, akasalimia, akavua viatu, akachungulia jikoni, akaona trei ya kuku imeandaliwa, akamtazama Mwongera mara moja tu, akaelewa, akaingia jikoni akawasha oveni ipate moto kwanza jinsi Mwongera alivyomfundisha, kwa sababu sheria za oveni hii ni za Mwongera, zote, na ni nyingi mpaka Wambeti humtania kwamba aliolewa na amri kumi, weka trei ya pili chini ya nyama mafuta yasidondoke, usijaze sahani mpaka pomoni, kilichomwagika kipanguse kikiwa bado vuguvugu, Jumamosi baikaboneti na siki, kitambaa kisikae karibu, na iliyo kubwa kuliko zote, fungua uangalie ndani kabla ya kuwasha... na hiyo moja leo hakuifuata. Kwa nini hakuifuata, swali gani hilo, majirani wote hapa oveni ni kabati, sufuria humo, vifuniko humo, chapati za jana humo, na Ednah wa nyumba ya pili alipowasha yake na beseni la plastiki ndani, ni Mwongera aliyecheka mpaka akashika mbavu, akasema kwa sauti, hapa kwetu hutakuta hata kijiko, akaapa, na Wambeti akasadiki. Hakuangalia kwa sababu alimwamini. Ndivyo ilivyo, hakuna njia ya kulizunguka hilo, mwanamke aliwasha moto akiwa na imani naye na moto ukalipuka mbele yake, nyuma ya kioo, na kama si yeye kukimbia kutoka sebuleni na kumshika mkono tayari ana jagi la maji na vidole viko kwenye mlango... angefungua, mwali ungemrukia, yale mafuta yanayowaka yakutane na maji, nywele zile alizosuka jana... afadhali usifikirie, shika mlango, sukuma.

"Hii moshi yote ni ya nini, Mama Karwirwa?" Sauti ya mama huyo sebuleni, alikomsukumia Wambeti, ukuta wenyewe mwembamba, kila kitu kinapita. "Kwani uliweka nini huko ndani?"

"Pole, mama. Ni mimi. Sikuangalia kabla niwashe."

Ni mimi. Amesema ni mimi, Mwongera alisikia, sema sasa, paza sauti useme, si yeye, lakini ulimi ulikaa tu mdomoni kama nduma ya moto, na mama anaendelea, "Mtu anawasha kitu bila kuangalia? Mimi napika na kuni tangu nizaliwe na sijawahi choma nguo. Na hiyo inanuka ni nguo, mimi si mjinga. Nguo ya nani?" na Wambeti, polepole, kama anayepanga vikombe, "Ni yangu, mama," na mama akafyonza, "Ii, bahati yako kijana wangu alikuwa hapa. Mtu wa ofisi, amepiga magoti kwa jikoni juu yako. Kwani kwenu hukufundishwa?" ...kwao, kwao Mbeere, ambako mamake Wambeti alizikwa Wambeti akiwa darasa la nne, mama analijua hilo, alilia naye siku ya kuposa, amesahau tu kwa hasira, na Mwongera akaona ndani ya kioo kamba ya aproni ikiwaka kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, bila haraka, na akasikia haya ikimpanda, haya halisi, si ile ya kukutwa na kijiko mkononi, ile ilikuwa mchezo wa watoto. Sasa anasifiwa. Amezima moto. Shujaa wa nyumba.

Na si mara ya kwanza kusifiwa kwa lisilo lake, au tuseme kunyamaza wakati lililo lake linasifiwa kwa mwingine, Krismasi ile Nkubu, mguu wa mbuzi aliouchoma mwenyewe katika oveni hii hii usiku kucha kwa moto mdogo, Wambeti akaubeba kwenye kikapu, na mama akalamba vidole akasema huyu msichana ana mkono, wajomba wakageuka, Mwongera umebahatika, naye akajibu nini, akajibu eh, anajua kupika, akacheka, akajikatia kipande kingine, na Wambeti akainamisha macho kwenye sahani na watu wakadhani ni adabu... mke ambaye kusema kweli huunguza hata uji na husema hivyo mwenyewe bila woga, anafundisha hesabu, anaimba sauti ya pili, kupika hakutaki na hajawahi kumdanganya mtu, ni yeye Mwongera aliyemvalisha uongo na kumpeleka nao mpaka kwa mama.

Na huo ujuzi wa kufunika moto aliutoa wapi, wacha tuulizane, si shule, si kwenye kijitabu cha oveni, aliutoa kwa mama huyo huyo anayefyonza sebuleni, alipokuwa mdogo hana haya, anakaa naye kando ya mafiga, anamgeuzia ndizi, na siku mafuta yalipowaka kwenye sufuria mama hakupiga kelele, alichukua kifuniko akafunika, akamwambia umeona, moto ni kama mgeni mlevi, usibishane naye, mfungie mlango. Halafu akatahiriwa, akatoka jandoni amepakwa mafuta, ana blanketi jipya, mwanamume, na mwezi huo huo mama akateleza kwenye mteremko wa kahawa na gunia mgongoni, akavunjika mkono, akafungwa plasta, dada hawako, baba yuko Mikinduri kwa biashara ya miraa, na yeye Mwongera alikaa nje kwenye kigoda, ameipa jikoni mgongo, akimsikia mama ndani akijaribu kumenya ndizi kwa mkono mmoja, ndizi ameibana kwa magoti, kisu kinaanguka, anakiokota, kinaanguka, kuni zinabishana naye, anakohoa... hatua chache tu, mlango uko wazi, na mikono yake miwili mizima imelala mapajani. Baadaye mama akatoka na sahani, jasho linamtiririka, akasema kula, mwanaume, akitabasamu, na yeye akala, akamaliza, akaomba nyongeza. Aliomba nyongeza! Hilo hajamwambia hata Wambeti. Na mpaka leo hajui, hajawahi kuuliza, kama mama kule ndani alikuwa akiona fahari kuwa amepata mwanamume, au alikuwa akitazama mlango kila kisu kinapoanguka, akingoja kijana wake aingie.

Moto ulikuwa unanywea. Kioo kimekuwa cheusi, kuna wekundu mdogo tu kwenye kona, kisha haupo, kisha upo, moshi umelala kwenye dari, dirisha liko wazi na uwanjani kuna mtu anaanika nguo na kuchungulia, mwache achungulie.

"Mwongera," mama aliita, sauti sasa tamu, ya kumwita mtoto, "toka huko. Mwachie mwenyewe asafishe. Kuja unywe chai."

Naja mama, jibu lilikuwa tayari, limelainika kwa kutumiwa, alilisikia likipanda, na akaona yatakayofuata, atanawa uso, atakunja nne, Wambeti atainama hapa na kisu akikwangua nailoni iliyoganda, sebuleni atasemwa kwa upole, chai itanywewa, na hakuna atakayeumia isipokuwa yule aliyezoea.

"Mama," alisema, na sauti yake ikatoka nyembamba, ya kijana kabla ya kubalehe, "mwenyewe ni mimi."

"Unasema?"

"Jikoni ni mimi. Ni mimi hupika hii nyumba, tangu tuoane. Hiyo nguo ni yangu, nilikusikia kwa gate nikaificha kwa oveni ndio usinione. Wambeti hana makosa."

Kikombe kiliwekwa juu ya meza. Alingoja mama apaze sauti, alitamani hata apaze, agombe, alie, amwite mwanamke, lolote, maana alidhani akishasema kifua kitakuwa chepesi na hakikuwa chepesi hata kidogo, lakini mama hakumjibu yeye, alimgeukia Wambeti, na alipouliza sauti yake ilikuwa ya chini, ya mwanamke kwa mwanamke.

"Na wewe mwana wakwa, mwanangu, mbona ulisema ni wewe?"

Kijiko cha Wambeti kiligonga kikombe.

"Nilijua atanyamaza, mama."

Alisema bila uchungu, kama anavyosema mvua itanyesha, na Mwongera akabaki pale kwa goti moja, uso unamchoma, akiushikilia mlango ambao haukuhitaji tena kushikiliwa.