Asili ya Neno Lafadi

Nchi ya Ombravia ilijilaza kati ya milima ya barafu na bahari ya kijivu, katika ukungu mzito uliofanya minara ya kasri ionekane ikielea angani bila ukuta wa kuibeba. Chini ya minara hiyo yalisimama maghala ya ngano yenye milango ya shaba, isiyofunguliwa ila kwa amri ya mtawala, Orstafi. Chini zaidi ulitambaa mji, na harufu ya ngano iliyokuwa ikivunda ghalani iliwashukia wakazi wake usingizini, wakaota wanakula, wakaamka wakimeza mate.

Watu hao walikuwa na neno moja la heshima walilolitumia kutwa: lafadi. Muuza kuni aliitwa lafadi, baba mkwe aliitwa lafadi, hata mpita njia asiyejulikana. Orstafi alichukia kugawana neno na wauza kuni. Alilitaka liwe lake peke yake, na alitaka ithibitishwe kwamba lilishuka kutoka kwenye jua.

Akamwita Irsela, mjane aliyefundisha historia ya lugha katika chuo cha mji.

"Zunguka nchi jirani, unitafutie asili ya neno hili," alimwambia. "Uniletee jua."

"Na nikikuta si jua, Mtukufu?"

"Binti yako Mirelde atakaa nami hapa mpaka urudi. Naamini utalikuta."

Irsela akaondoka huku theluji ikianguka bila sauti, akapita nchi moja baada ya nyingine kama mtu anayepita katika ndoto ya mwingine. Neno lilikuwa limemtangulia kila mahali, limebadili vazi tu. Huko Senja, bandari ya taa za buluu, walitamka lavardi, wakimaanisha yule anayekata mkate mezani na kula mwisho. Katika mabonde ya Torvi walitamka lofade, nalo lilikuwa jina la mama anayekanda unga. Juu kabisa milimani, ambako lugha ilikuwa haijaguswa na wageni, mwoka mikate aitwaye Petruski alimkaribisha karibu na tanuri.

"Lafa ni mkate," alimwambia, akishangaa kuulizwa jambo jepesi hivyo. "Adi ni kulinda. Zamani kila kijiji kilikuwa na lafadi wake. Wenzake wakilala, yeye anafukuza panya."

Irsela alicheka, kisha akamkumbuka Mirelde, akalia mpaka kipande cha mkate alichopewa kikalowa mkononi. Njia nzima ya kurudi alijaribu kuusuka uongo wa jua, na kila alipoutamka peke yake, ulimi ulimrudisha kwenye mkate.

Orstafi alikuwa amekusanya mji mzima uwanjani. Mirelde alisimama kando ya kiti chake, amevishwa hariri, uso umempauka. Tarumbeta zikalia, mtawala akatangaza kwamba tangu saa hiyo hakuna mwingine atakayeitwa lafadi.

"Sasa waambie maana yake," alisema.

Irsela alimtazama mwanawe. Msichana akatikisa kichwa taratibu, na mama akaelewa kwamba hataki kukombolewa kwa uongo.

"Maana yake ni mlinzi," Irsela alisema.

Orstafi akatabasamu. "Mlinzi wa nini?"

"Wa mkate, Mtukufu. Anayeulinda usiliwe na panya, akawakatia watu wake, kisha akala yeye wa mwisho."

Orstafi alimshika Mirelde bega kwa nguvu, akatazama zile nyuso zote zilizomtazama, akamwachia. Msichana akashuka ngazi hadi kwa mama yake.

Kesho yake, ukungu ulipopasuka, watu walikuwa wamejaa mbele ya kasri, kila mmoja na sahani tupu. Hawakurusha jiwe. Waliita tu, kwa sauti ya upole kama ya kubembeleza mtoto: "Lafadi. Lafadi. Lafadi."

Orstafi alitoka barazani. "Wananisifu?" alimuuliza mlinzi wa lango.

"Wanakuita kwa jina lako, Mtukufu."

Mtawala akainua mkono kuwapungia. Ulikuwa mkono mtupu, na wote waliuona. Hakuna aliyeondoka. Kisha yule mlinzi akavua kofia yake ya chuma, akaigeuza juu chini, akaikinga mbele yake kama bakuli.