Mwezi Mpevu Jukwaani

Wiki ile ya Agosti 1994 Janet Ajwang alikuwa na michezo minne ya kuhakiki, na mmoja wapo alikuwa ameuandika mwenyewe.

Mitatu ya kwanza aliimaliza bila taabu. Tanzia ya wanachuo ilikuwa na mfalme mzuri asiyesikika kupita safu ya tatu. Igizo la kwaya lilikuwa na shetani aliyependwa kuliko malaika, akaandika hivyo hivyo. Wachekeshaji wa baa moja ya Nyakato walimwangusha mlevi mara tatu. Mara ya tatu hakucheka mtu, na Janet alikuwa amehesabu. Magazeti mapya yalikuwa yakizaliwa kila mwezi, yamejaa maoni. Janet alitaka ukurasa wake ujae mambo yaliyotokea.

Wa nne uliitwa "Machozi ya Nansio", na tangazo lilimtaja mtunzi kuwa Maige Shimba. Miaka mitatu nyuma, walipokuwa wakifundisha shule moja Misungwi, Janet alimwazima Maige daftari lenye mchezo huo ausome. Maige akasema limeliwa na mchwa. Nakala nyingine haikuwapo. Kisha akaacha ualimu, akaunda kundi, akazunguka Shinyanga na Tabora akipigiwa makofi. Janet alipomweleza Venant, mhariri wake, Venant alimsikiliza hadi mwisho, akauliza ushahidi uko wapi. Bila ushahidi hatachapa hata herufi. Janet hakumlaumu. Naye asingechapa.

Lakini alijua kilichomo ndani ya daftari. Jumapili alasiri aliketi safu ya mbele katika ukumbi mmoja wa Kirumba, Venant kando yake, nyuma yao akina mama wauza dagaa wa soko la Mwaloni. Maneno yake yalipita mbele yake moja baada ya jingine, hakuna lililoguswa. Alitulia kama mtu anayengoja maji yachemke.

Onyesho la tatu, pazia likafunguka. Juu ya ziwa la kitambaa ulining'inia mwezi mpevu wa boksi lililopakwa rangi, na chini yake wavuvi waliwaaga wake zao, karabai mikononi, wakienda kuvua dagaa. Janet aliuweka mwezi huo akiwa na miaka ishirini na miwili, kwa ajili ya uzuri tu. Mjomba wake, mvuvi wa Shirati, aliposimuliwa alimcheka wiki nzima, maana dagaa hufuata taa gizani, na mwezi ukiwaka mitumbwi hulala ufukweni. Wakati huo daftari lilikuwa limekwisha kwenda kwa Maige, na Maige alikulia kwenye ng'ombe.

Mama mmoja akasema kutoka nyuma, "Karabai za nini, baba? Mnaumulikia mwezi njia?"

Basi ikawa balaa. Mjane alipoangua kilio, walicheka. Maiti ilipoletwa, mwingine akasema marehemu ameuawa na ujinga, wakacheka mpaka maiti yenyewe ikatikisika.

Janet, Venant akimfuata, alimkuta Maige nyuma ya jukwaa, waigizaji wamemzunguka kwa nyuso za lawama. Alimsalimu kwa adabu, akafungua kijitabu chake, akamwuliza ni nani aliyetunga onyesho la mwezi, maana wasomaji wa ziwani watataka kujua.

"Umekuja kunicheka," Maige alisema. "Mwezi ni wako. Uliandika wewe, kwa mkono wako, kwenye daftari lako."

"Onyesho hilo tu?"

"Mchezo mzima. Mimi sikuongeza neno. Ubebe na aibu yake."

"Rudia polepole, Mwalimu Maige. Mhariri naye anaandika."

Maige alimtazama Venant, akaitazama kalamu yake. Akaanza kumwita Janet dada, akaomba wakae pembeni wayazungumze. Janet alimjibu kwamba ana ukurasa wa kujaza.

Mchezo wa nne aliupa mistari kumi. Aliandika kwamba lugha ni safi, kwamba kosa la mwezi ni kubwa na halina utetezi, na kwamba mtunzi, kwa maelezo ya Bwana Maige Shimba mbele ya mashahidi saba waliotajwa hapo chini, ni Janet Ajwang. Asubuhi gazeti lilipotoka alipita Mwaloni, na akina mama wakamwita Mama Mbalamwezi, wakamwuliza kama leo anachukua dagaa au anachukua nyota. Aliwaacha wacheke. Kisha akanunua nakala kumi na moja za gazeti, akazitia kwenye bahasha, moja kwa kila ukumbi uliowahi kumpigia Maige makofi.