Bunduki za Amana

Mwezi mzima Hizamu alihangaika kuwabembeleza ndugu zake wa mkoani Baidha wakubali suluhu. Ugomvi wa kisima ulikuwa umekwisha kula watu wawili, mmoja kila upande. Aliyebaki mkaidi ni binamu yake, Daifalla.

"Bunduki ya marehemu baba niwape waliomuua?"

"Humpi muuaji, unampa mpatanishi. Bila amana hakuna suluhu. Hilo umelijua tangu unanyonya."

"Na wakinigeuka?"

"Waanze na mimi."

Alhamisi asubuhi wanaume kumi na wanane wa pande zote mbili walikutana bondeni. Mmoja mmoja aliweka bunduki yake miguuni pa mzee Mukbili, mpatanishi, naye akaanza kuzipakia garini, akae nazo mpaka atoe hukumu. Ile ndege isiyo na rubani ilivuma juu yao kama siku zote. Walishaizoea.

Hizamu alikwenda nyuma ya kilima kumleta fahali wa kuchinjwa. Alikuwa bado anafungua kamba ardhi ilipotikisika.

Aliporudi, hakuweza kutenganisha maiti wa kwao na wa upande wa pili. Daifalla alimtambua kwa mkanda.

Wiki ya pili akaja ofisa wa serikali, mkononi ana picha iliyopigwa kutoka angani.

"Wenye ndege wanasema waliona wanaume wakipakia silaha. Wote wamehesabiwa wapiganaji."

"Bwana, wewe ni mwana wa nchi hii," Hizamu alisema. "Bunduki zikiwekwa miguuni pa mzee, maana yake nini?"

Ofisa alitazama viatu vyake. "Suluhu."

"Uliwaambia?"

"Hawakuniuliza."

Hizamu akatafuta mpatanishi mwingine. Alibisha hodi milango minne. Wa nne, mzee aliyesoma na Mukbili, hakumkaribisha hata ndani.

"Nikusanye tena watu na bunduki zao mahali pamoja? Mwanangu, unataka kuniulia ukoo?"

Kabla ya Ramadhani, kaka yake Hizamu alipigwa risasi akichota maji. Hakuna aliyeuliza nani kaanza; mpatanishi hayupo, na kila nyumba imeshanunua bunduki mpya.

Mazishini walikwenda watu watatu. Wengine walimwombea marehemu majumbani mwao, kwa kuogopa kuonekana kundi. Hizamu alishika jembe mwenyewe, akachimba mpaka jua likawa la utosi.