Mistari Isiyogusa Uso

Mama alinipigia simu kutoka Handeni wiki ya pili ya eda yake. Nilipomaliza kumpa shikamoo akaingia moja kwa moja kwenye alilotaka.

"Kadi ya chama ya baba yako iko huko kwenu?"

"Iko, mama."

"Ina picha."

"Ina."

"Basi nitolee hiyo picha, Ukasha. Nataka nimwone."

Baba hakupenda kupigwa picha. Alikubali mara moja tu, ya kadi ya chama cha wakulima kule Makuyuni, kwa sababu bila picha hakuna mbolea ya ruzuku. Alipougua tulimpeleka kwa dada yangu Munira, Handeni. Akafia huko, tukamzika huko, na mama akakaa eda humohumo kwa Munira, ndani, bila kutoka mpaka siku zake ziishe. Mimi nikarudi kazini Korogwe. Sikulia mazikoni. Watu walinisifu kwamba nimejikaza kiume. Sikujikaza. Hapakuwa na kitu cha kuzuia.

Nafanya kazi kwenye steshenari ya dada Catherine, Masuguru. Chama kilikuwa kimetuletea kadi zake zote tuziskani, ziingie kwenye kompyuta. Za wanachama walio hai zibaki kama zilivyo. Za marehemu zipigwe mistari miwili ya mshazari, maana kulikuwa na watu wanaobeba kadi za wafu wao kwenda kuchukulia mbolea. Mkutano ulikuwa umekata shauri kwamba kadi za karatasi za marehemu zichomwe moto, zibaki za kwenye kompyuta tu, tena zenye mistari.

Katibu wa chama, Enock, alikuja kuchukua karatasi zake tulipomaliza kuziskani.

"Mistari iende kona kwa kona," akasema. "Chini kushoto, juu kulia."

Kwenye kadi zile picha iko juu, upande wa kulia.

"Hiyo itapita usoni," nikasema.

"Si wamekufa?"

Catherine aliacha kukata karatasi. "Enock!"

"Sisemi kwa ubaya, dada. Kanuni ni kanuni."

"Hebu isome hiyo kanuni," nikamwambia.

Akaitafuta kwenye simu, akasoma kwa sauti ya kutangaza: mistari miwili sambamba, kwa mshazari, ikikata jina na namba ya mwanachama.

"Kona umeiona wapi hapo, katibu?"

"Ndivyo tunavyofanya siku zote."

"Siku zote mlikuwa na rula na kalamu nyekundu. Mimi nitaanzia katikati ya ukingo wa kushoto, niteremke kwa pembe ya digrii ishirini, nikate jina, nikate namba, nitokee chini kulia. Hakuna uso utakaoguswa."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Haya, mtaalamu. Lakini weka nakala safi kwanza, bwana mdogo. Hizi nikifika nazo Makuyuni zinaingia motoni."

"Anayeweka nakala ni yule asiyejua anachokifanya."

Enock alicheka, akabeba boksi lake. Kesho yake akanitumia picha ya shimo lenye majivu, bila neno lolote.

Hesabu yenyewe ni ya kidato cha pili. Ukijua umeenda kulia umbali gani, na ukajua pembe, tanjenti inakwambia uteremke kiasi gani. Unazidisha, unavuta mstari. Wa pili unausogeza chini kidogo kwa pembe ileile, unakuwa sambamba na wa kwanza. Kuandika programu nilijifunza mwenyewe kwenye simu, kama nilivyojifunza mizani na vina vya mashairi, sikufundishwa na mtu, na sioni haya kulisema hilo. Shuleni mwalimu alichora mhimili ubaoni: juu chanya, chini hasi. Mimi nilitaka kuteremka. Nikaandika hasi ishirini.

"Jaribu kwenye karatasi tupu," Catherine akaniambia.

"Hapana haja."

"Basi anza na kadi ya mtu mwingine."

Kaburini wenye maiti ndio wanaotangulia kutia udongo. Mtoto hutia, ndugu wakafuata, ndipo majirani. Sikuona vipi ningewapiga mistari baba za watu kabla ya baba yangu. Nikaiweka kadi yake mbele ya zote, nikaiagiza programu isimame baada ya hiyo moja, na ihifadhi juu ya faili lilelile, kwa jina lilelile, kwa kuwa kompyuta ya Catherine ilikuwa imejaa. Nikabonyeza.

Mstari ulianzia katikati ya ukingo wa kushoto, kama nilivyosema. Halafu ukapanda. Uliliacha jina chini, ukaingia kwenye picha kwenye shavu, ukakata pua, ukatokea kwenye kofia. Wa pili ulipita shingoni. Yote miwili myekundu, imenyooka vizuri, sambamba kabisa.

"Imepanda," Catherine akasema.

"Naiona."

Kompyuta huihesabu picha kuanzia juu. Sifuri iko kwenye kona ya juu kushoto; ukiongeza unateremka, ukipunguza unapanda. Nilikuwa nimelisoma hilo mahali fulani, nikaliacha hapohapo.

"Unaweza kuirudisha?"

"Hapana."

Alinivutia kiti. Nilikuwa tayari nimekaa. Akabaki amekishika.

Nikafuta alama ya hasi, nikazipitisha kadi zilizobaki. Mistari ikateremka. Nilizitazama moja moja: bibi mwenye kitambaa cha maua, mzee aliyefumba macho wakati wa picha, kijana mmoja niliyesoma naye. Jina likakatwa, namba ikakatwa, uso ukabaki juu, mzima. Ilikuwa kazi nzuri. Nilijua kuwa ni nzuri kama mtu anavyojua kuwa leo ni Alhamisi.

Kisha nikarudi kwa baba. Nikachukua rangi ya ngozi juu ya mstari na chini yake, nikaziba katikati, kidogo kidogo. Pua ilirudi, ikawa pana kuliko yake. Shavu likawa laini, kama la mtu asiyewahi kulima juani.

"Anapendeza," Catherine akasema. Alitazama tena. "Anafanana na..."

Nilichapa picha mbili, iliyozibwa na yenye mistari.

Enock alinipigia jioni ile. "Kadi ulizotuma nimeziona. Safi sana. Ila ya baba yako, mzee Mbaruku..."

"Najua."

"Jina lake halijakatwa. Kwa kanuni bado yu hai. Itabidi uipige tena."

Nilisubiri anicheke. Nilikuwa nimeshaandaa la kumjibu, na lilikuwa na makali. Akasema, "Pole, bwana," akakata simu. Afadhali angenicheka. Nikaipiga mistari mingine miwili, ya kuteremka. Kadi ya baba sasa ina minne.

Kwenye basi la Handeni niliamua kumpa mama ile iliyozibwa, na nyingine nisiitoe mfukoni. Nilimkuta chumba cha ndani, ameketi mkekani na nguo zake nyeupe. Munira alikuwa anachambua mchele mlangoni. Nikampa mama picha. Aliinuka, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha.

"Huyu nani?"

"Baba."

"Baba wa nani? Huyu si Mbaruku. Huyu kama karani." Akageuka. "Munira, njoo umwone karani."

Munira alichungulia, kicheko kikamtoka, akaziba mdomo. "Kaka, huyu umemtoa wapi? Ngozi kama kapakwa mafuta ya mtoto!"

Nikatoa ile nyingine. "Yeye mwenyewe ni huyu. Kuna mistari usoni. Nimeipiga mimi, nilikosea pembe. Na karatasi yake imechomwa. Hakuna nyingine."

Mama aliishika kwa mikono miwili. Munira akaacha kuchambua mchele.

"Eeh," akasema. "Huyu ndiye."

"Ina mistari, mama."

"Kwani sioni? Pua umeikata." Akaisogeza karibu zaidi. "Masikio yapo. Siku ya ndoa shangazi zangu walisema naolewa na sufuria yenye mikono. Nikakasirika! Halafu nikamtazama vizuri, nikaona wamesema kweli."

Akacheka mpaka kanga ikamtoka kichwani. Kicheko kikafika mahali kikabadilika, akajifuta kwa pindo la nguo. Munira naye alikuwa analia. Mimi nilitazama mchele kwenye ungo.

"Na wenzetu?" mama akauliza alipotulia. "Wafu wao umewakata hivi?"

"Hapana. Wametoka wazima."

"Wote?"

"Wote."

"Mke wa Hiza naye anamtafuta mumewe, na hana picha zaidi ya hiyo ya chama. Mtolee, umpelekee mwenyewe. Usimpe mtu."

"Nitampelekea."

Akaiweka picha ya baba juu ya magoti, akainyoosha kwa kiganja. Ile nyingine akanirudishia kwa ncha za vidole.

"Na huyu karani ondoka naye. Niko eda mie. Sikai chumba kimoja na mwanamume nisiyemjua."

Nikamtia karani mfukoni, nikaketi mkekani karibu na mama, tukamtazama baba.