Sahani ya Mgeni

Kila jioni, akisharudi Rwanda kutoka sokoni Bukavu na kapu lake tupu la nyanya, Honorine alikaa uani kufua shati la shule la Parfait. Shati lilikuwa moja tu, na lilipaswa kukauka kabla ya asubuhi. Ilikuwa kazi ndogo lakini aliipenda: kigoda, maji ya vuguvugu, kipande cha sabuni, na redio ya jirani ikimwimbia bure. Alianza na kola, akaja kwenye mikono, akamalizia na mfuko, kisha akakamua.

Jioni hiyo hakufika kwenye kukamua. Kitu kiligonga kitako cha beseni. Kikafuata kingine, halafu vingine vingi kwa pamoja, kama mvua ya mawe inapoanza juu ya bati.

Alitia mkono majini, akatoa maharage.

"Parfait," aliita. "Unalima shamba mu mufuko?"

Mtoto alitokea mlangoni, akachungulia beseni. Alikuwa darasa la pili, na mambo ya shule alimweleza mama yake kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Hapana, Maman. Ile njo ya saa sita."

"Ya saa sita gani?"

"Ya chakula. Yenye haiivi tunaiweka pembeni, tunachezea bao. Mimi nashindaka bote."

Honorine alitia harage moja kinywani na kuling'ata. Alilitoa haraka, akashika shavu.

"Na wewe unakulaka nini sasa?"

"Mchuzi," alisema Parfait kwa furaha. "Mchuzi iko muzuri."

Honorine alitazama vile miguu ya mtoto ilivyokuwa myembamba ndani ya kaptura, na kwa mara ya kwanza akaelewa kwa nini kila siku mtoto huyu alirudi akaikwangua sufuria ya asubuhi kabla hata ya kumsalimia.

Ilitokea kwamba siku iliyofuata ilikuwa zamu yake. Shuleni kwao, pale juu ya barabara ya kwenda Nkanka, kila wiki wazazi wawili waliitwa kwenda kutazama chakula cha mchana cha watoto. Honorine alikuwa amepanga kuugua. Hakuwa mtu wa kusimama mbele za watu. Hata sokoni, mteja akitaka kupunguziwa bei hakubishana naye. Alimtazama tu kwa huruma mpaka mteja mwenyewe akaona haya. Lakini sasa hakuweza tena kuugua. Alipanda kilima cha shule akirudia sentensi moja kwa kunong'ona: maharagi ya batoto haiivi. Ilikuwa sentensi fupi. Mtu yeyote angeweza kuisema.

Mwalimu mkuu, Vénuste, aliwapokea getini yeye na mzazi mwenzake. Huyo alikuwa Ndizeye, dereva wa pikipiki, baba wa Divine wa darasa la Parfait. Ndizeye alikulia Uvira kabla familia yake haijarudi Rwanda, na popote alipofika maneno yake yalitangulia.

"Direkteri, mimi nimekuja na njaa," alisema, akivua kofia yake ya pikipiki. "Sijakunywa hata chai. Kazi ya kuonja haitaki mchezo."

"Karibuni mu biro, bazazi," alisema Vénuste.

Waliingia ofisini. Pazia likavutwa na mlango ukafungwa, kwa sababu mtu mzima mwenye heshima zake hakai uwanjani akatafuna huku watu wanamtazama, sembuse watoto. Mara Mukandori, mpishi wa shule, akaingia na maji ya kunawa, kisha na sahani zilizofunikwa. Kulikuwa na wali, sombe ya majani ya muhogo, sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, waliokaangwa kwa nyanya na vitunguu, na maharage yaliyolainika hadi yakaanza kuyeyuka.

Honorine aliyatazama maharage hayo. "Hii... njo ile ya batoto?" aliuliza.

Sauti yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba Vénuste alilisikia neno la mwisho tu. "Batoto bako nakula, usiogope, Maman Parfait. Kula kwanza."

Mukandori alikuwa bado amesimama mlangoni, mikono ameikunja juu ya aproni, akingoja. Kukataa chakula mbele ya aliyekipika, pande zote mbili za mto Rusizi, ni kumwambia kwamba unauogopa mkono wake. Honorine akala. Na shida kubwa ni kwamba chakula kilikuwa kitamu.

"Uvira tulikulaka ndagala," Ndizeye alisema, mdomo umejaa, "tukasema hakuna samaki kama ile. Leo nimetubu."

"Kila wiki ni hivi hivi," alisema Vénuste, ambaye naye alikuwa anakula kutoka sahani ya aina ileile. "Bazazi bote wanasifu."

Honorine alifungua mdomo. "Direkteri, nilitaka kusema..."

"Sema, Maman."

"Sambaza ni tamu," alisema Honorine, na masikio yakamwaka moto.

Alipomaliza, alikusanya sahani zote kabla mtu hajamzuia, akatoka nazo. Jikoni palikuwa nyuma ya madarasa. Mivero miwili, yale majiko makubwa ya shule yenye sufuria za kutosha mtoto kuogelea ndani yake, ilikuwa inatoa moshi mwingi kuliko moto. Chini yake vilikuwa vijiti vya mkaratusi, vibichi, vinatokwa povu nchani. Nje, watoto walikuwa wamekaa kwenye benchi zao wakila, na ukingoni mwa karibu kila sahani palikuwa na kilima kidogo cha maharage yaliyokataliwa.

"Maman, sahani ni kazi yangu," alisema Mukandori akizipokea. "Ama chumvi ilizidi?"

"Hapana. Ilikuwa tamu."

"Aksanti."

Honorine aliinamisha kichwa kuelekea kwenye benchi. Mukandori alifuata macho yake, akashusha pumzi.

"Umeona," alisema.

"Nimeona."

"Kuni ni kidogo, na ni mubichi. Kila mwezi naomba. Direkteri ananiambia: kuni ya nini tena, Maman? Bazazi bote wanasema chakula ni muzuri."

"Na yetu sisi unaipikia wapi?"

Mukandori alionyesha kwa kidevu. Kwenye kona, juu ya mbabula moja, jiko dogo la makaa, sufuria ndogo ilikuwa bado inachemka taratibu, imetulia kama mtu aliyelipwa mshahara wake wote. "Pale. Tangu alfajiri. Makaa na sambaza ni yangu, natoka nayo nyumbani."

"Lakini Maman Mukandori, kwa nini?"

"Nimupe mugeni harage yenye inalia mu meno?" Mukandori alionekana ameumia kweli. "Mama yangu atatoka mu kaburi."

Walitazamana. Aliyeanza kucheka ni Honorine. Alijaribu kuficha kwa kitambaa cha kichwa, akashindwa. "Basi sisi bote tunasifuka mbabula," alisema.

Mukandori naye akacheka, mpaka akaegemea ukuta. Kisha akafuta macho, na uso wake ukarudi mahali pake. "Sema wewe," alisema kwa sauti ya chini. "Mimi nikisema, mimi ni mupishi muvivu. Wewe ni muzazi."

Kengele ilipigwa kabla Honorine hajajibu. Watoto walipangwa uwanjani, ziwa likiwa linang'aa chini ya kilima nyuma yao, maana wageni hawaondoki bila kutoa neno. Ndizeye alitoa lake kwanza, kwa mikono yote miwili.

"Batoto, muko na bahati. Mimi nikiwa kama ninyi, nani angenipa sambaza saa sita? Leo nimekula sambaza yenye sijawahi kula. Mushukuru shule, musome."

Watoto walitazamana.

"Papa," aliuliza Divine kutoka mstari wa mbele, "sambaza iko wapi?"

Kicheko kilianzia darasa la kwanza kikapanda hadi la sita. Ndizeye alimtazama binti yake, akamtazama mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu naye alikuwa anamtazama mpishi. Ilionekana wazi usoni mwake kwamba swali hilo lilikuwa geni kwake pia.

"Maman Parfait atatupa neno," Vénuste alisema haraka.

Honorine alisogea mbele. Alimwona Parfait amekwisha kujificha nyuma ya mgongo wa mwenzake, kwa haya ya mama ambaye bado hajasema kitu. Alimwona Mukandori kwenye kona ya darasa, mwiko mkononi, ametulia tuli. Sentensi yake fupi ilikuwa palepale.

"Chakula..." alianza.

"Sauti, Maman Parfait," Ndizeye alimhimiza, safari hii kwa upole.

Honorine akamgeukia mwalimu mkuu.

"Direkteri, aksanti kwa sambaza. Ilikuwa tamu na nimekula yote. Lakini maharagi ya batoto haiivi. Haiivi juu ya kuni: ni mubichi na ni kidogo. Maman Mukandori amekuomba, na sisi bazazi njo tunamuharibia, tunaingia mu biro, tunafunga mulango, tunasifu bitu yenye batoto hawajaonja." Alishangaa kusikia sauti yake inafika hadi getini. "Mulete kuni. Na wiki inayokuja nitarudi, hata kama si zamu yangu, nikae hapa ku benchi, munipe ya muvero, nikule batoto bote wakiniangalia."